Edward Moringe Sokoine, Mbunge wa Wamasai

Upande wa kaskazini wa Tanzania, magharibi ya mji wa Arusha, uko mlima uitwao Monduli. Juu yake mna misitu na mvua na ubaridi wa asubuhi kama ule tuujuao katika vilima vya Bugufi. Lakini chini yake nchi ni tambarare kavu, nyasi na miiba na vumbi, hata macho huchoka kwa kutazama. Mtoto wa Ntobeye, aliyezoea kuona migomba mlangoni na chemchemi bondeni, angestaajabu kuona watu wakikaa pale. Walakini Wamasai wamekaa pale tangu zamani, nao huipenda nchi ile kwa ajili ya ng'ombe wao. Huko ndiko alikozaliwa Edward Moringe Sokoine, tarehe 1 Agosti 1938.

Siku zile wazee wengi wa Kimasai hawakupenda shule. Hawakuwa wajinga, la. Walikuwa na hesabu yao. Mtoto akienda shule, nani atachunga ndama? Na mtoto aliyekwisha kuzoea kalamu, je, atarudi kushika fimbo? Kwa sababu hiyo madarasa ya Umasaini yalikuwa na watoto wachache. Sokoine alikuwa mmoja wa wachache hao. Mwaka 1948 aliingia shule ya Monduli, akasoma pale masomo ya msingi na ya kati, kisha akapelekwa shule ya sekondari ya Umbwe, iliyojengwa na misioni ya Kikatoliki katika mteremko wa Kilimanjaro, kati ya kahawa na migomba ya Wachaga. Huko mtoto wa wafugaji alikaa na watoto wa wakulima, akajifunza desturi zao, nao wakajifunza zake.

Mwaka 1961 nchi yetu, iliyoitwa Tanganyika wakati huo, ilipata uhuru wake. Mwaka ule ule Sokoine akaingia katika chama cha TANU. Ulikuwa mwaka mgumu sana Umasaini. Mvua zilikuwa zimekataa kunyesha, majani yakakauka, ng'ombe wakafa kwa wingi. Na mvua zilipokuja mwishoni zilikuja kwa gharika. Mtu aliyekuwa na kundi kubwa aliweza kubaki na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Kijana aliyeona mambo hayo kwa watu wake hawezi kuyasahau upesi.

Katika mwaka 1962 na 1963 alisomea mambo ya utawala katika Ujerumani ya Magharibi, na aliporudi akapewa kazi ya afisa mtendaji wa Wilaya ya Masai. Kazi hiyo ilimfundisha wilaya yake. Nanyi yafaa mjue ukubwa wake. Wilaya ya Masai ya siku zile ilikuwa kubwa kuliko nchi za Rwanda na Burundi, jirani zetu, zikiunganishwa pamoja. Lakini watu wake walikuwa wachache, tena hawakukaa mahali pamoja, bali walifuata maji na malisho. Mtumishi wa serikali aliyetaka kuzungumza na wazee wa boma fulani aliweza kusafiri kutwa nzima, akafika na kuambiwa ya kuwa wamekwisha kuhama.

Hata mwezi wa Septemba 1965 kukawa na uchaguzi wa Bunge. Huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza katika utaratibu wa chama kimoja, nao ulifanyika hivi. Katika kila jimbo TANU iliweka watu wawili, na wananchi wakachagua mmoja wao. Kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, na mwenzake alama ya nyumba. Fikirini alama ya jembe katika nchi ya wafugaji wasiolima! Katika uchaguzi huo mawaziri wawili walishindwa, na wabunge wengi wa zamani walikosa viti vyao, maana wananchi walitaka watu wanaoyajua mambo yao. Sokoine akachaguliwa kuwa mbunge wa Wamasai. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Kazi ya mbunge ni nini? Wamasai hawakuwa wageni kabisa wa kazi hiyo. Kwa desturi yao, kila rika huchagua msemaji wake, aitwaye laigwanani, naye hupewa rungu nyeusi kuwa alama ya heshima yake. Msemaji huyo hana ruhusa ya kuamua mambo peke yake. Husikiliza kwanza maneno ya wote chini ya mti, hata kama shauri litachukua siku tatu. Ndipo anaposema, na asemapo husema kwa ajili ya wote. Basi mbunge naye ni msemaji wa namna hiyo, isipokuwa mti wake uko mbali. Wakati ule Bunge lilikutana katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, karibu na bahari. Mbunge alitoka katika vumbi la Umasaini, akaketi kule pamoja na wabunge wa Pwani, wa Ziwa, wa Kusini na wa Unguja, akaeleza shida za watu ambao wengi wa wasikilizaji wake hawakupata kuwaona. Kisha alipaswa kurudi, awaeleze wazee sheria zilizotungwa na fedha zilizokubaliwa, na kwa nini nyingine zilikataliwa. Kazi ya kurudi ndiyo nzito zaidi. Wabunge wengi, wa zamani na wa sasa, huijua njia ya kwenda kuliko ya kurudi.

Tena Wamasai walikuwa na sababu ya kuishuku serikali. Mwaka 1959, wakati wa ukoloni, waliondolewa katika mbuga ya Serengeti ili pawe mahali pa wanyama wa porini peke yao. Waliahidiwa maji na malisho mahali pengine, yaani Ngorongoro, lakini mzee aliyekwisha kuhamishwa mara moja husikiliza ahadi ya pili kwa sikio moja. Sokoine aliwahimiza watu wake wapeleke watoto shule, wakubali majosho ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe waletao ndigana, wachimbe malambo, na wauze baadhi ya mifugo ili wapate fedha za kujengea nyumba na kulipia dawa. Wengine walimwona amekwisha kuwa mtu wa serikali. Lakini alisema nao kwa Kimasai, tena alikuwa mfugaji kama wao. Hakuwaambia waache ng'ombe wao. Hapo ndipo alipotofautiana na maofisa wengi, waliodhani ya kuwa Mmasai hawezi kuendelea mpaka kwanza aache kuwa Mmasai.

Baada ya mwaka 1970 serikali ilitaka watu wote wa mashambani wakae katika vijiji. Wazee wetu wa mkoa huu wanayakumbuka mambo hayo, maana huku kwetu na mahali pengine watu wengine walihamishwa kwa nguvu. Umasaini kazi hiyo iliitwa Operesheni Imparnati, maana yake makao ya kudumu. Sokoine aliiunga mkono. Wafugaji wengine walikubali kukaa karibu na shule na zahanati. Wengine, kiangazi kilipozidi, walirudia njia zao za zamani, kwa kuwa ng'ombe hawezi kunywa maji ya kijiji kisicho na maji.

Haukupita muda mrefu, Rais Julius Nyerere akamwita katika kazi za serikali. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, aliwekwa kuwa naibu waziri wa mawasiliano, uchukuzi na kazi. Mwaka 1970 akawa waziri wa nchi. Na mwaka 1972 waziri wa ulinzi. Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, au hisa katika makampuni, au mishahara miwili. Wako viongozi waliolitii kwa midomo tu. Sokoine alijulikana kuwa mmoja wa waliolitii kwa matendo, nayo ndiyo sababu moja ya watu kumwamini baadaye alipowashika wengine.

Tarehe 13 Februari 1977 akawa Waziri Mkuu. Yafaa mkumbuke ya kuwa katika nchi yetu Waziri Mkuu ni lazima awe mbunge. Hivyo mtu huyu aliyeongoza shughuli zote za serikali Bungeni alikuwa bado ni msemaji wa Wamasai wa Monduli, na barua zao ziliendelea kumfikia.

Sasa tumefika katika habari inayotuhusu sisi wa Kagera, ingawa wakati ule mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Waliua watu, wakachukua ng'ombe, wakapora mali, wakalivunja daraja la Kyaka. Maelfu ya watu walikimbilia kusini ya mto na watoto wao mgongoni. Rais Nyerere akatangaza ya kuwa nchi itapigana. Lakini jeshi haliendi vitani kwa miguu mitupu na tumbo tupu. Malori yatoke wapi? Chakula kitoke wapi? Vita ilikuwa katika pembe ya nchi iliyo mbali kabisa na bandari. Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa yote wakusanye vyombo vyote vilivyopatikana, vya serikali na vya raia, kwa ajili ya vita. Malori na mabasi yakachukuliwa, vyakula vikakusanywa, vijana wakaandikishwa. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yaliingia Kampala, na utawala wa Amin ukaanguka.

Walakini vita ile ililetea nchi umaskini mkubwa. Fedha nyingi zilitumika. Tena bei ya mafuta ilipanda katika dunia yote, mvua zikapungua, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977. Viwanda vikakosa vipuri. Wengi wa babu na bibi zenu wanaweza kuwaeleza habari za siku zile: sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi kwa shida, mafuta ya taa kwa foleni tangu alfajiri, na khanga moja ikavaliwa kwa zamu. Watu waliosha nguo kwa majivu na majani ya mpapai. Na vitu vilivyopatikana havikuonekana dukani, bali vilipita mlango wa nyuma kwa bei ya juu. Hayo ndiyo yaliyoitwa ulanguzi. Katika mikoa ya mipakani, kahawa ilivushwa usiku kwenda nchi jirani kwa magendo, kwa sababu huko ililipwa vizuri zaidi.

Sokoine aliacha uwaziri mkuu mwezi wa Novemba 1980 kwa sababu ya afya yake. Tarehe 24 Februari 1983 Rais alimrudisha katika cheo kile kile, na haukupita mwezi kabla ya watu kuona tofauti. Mnamo Machi 1983 polisi na askari walianza kuwakamata walanguzi na wenye magendo katika nchi nzima. Jina lao jipya lilikuwa wahujumu uchumi. Maghala yalifunguliwa, na mifuko ya sukari, marobota ya nguo, matairi na fedha za kigeni vikatolewa nje mchana. Watu wengine kwa hofu walitupa mali zao baharini au porini usiku, au wakazifukia. Watu wa kawaida, waliochoka kupanga foleni, walishangilia. Kwa mara ya kwanza waliona mkono wa serikali ukiwashika wakubwa pamoja na wadogo, hata watumishi wa serikali na wa chama.

Lakini hapa nawaomba wanafunzi msome polepole. Kukamata kulianza kwanza, na sheria ikafuata. Bunge, likiongozwa na serikali ya Sokoine, lilitunga sheria ya hujuma za uchumi mwezi wa Aprili, nayo ikaandikwa kwamba imeanza kutumika tangu Machi, ili iwashike waliokwisha kukamatwa. Baraza la pekee liliwekwa ili kuwahukumu. Mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumtetea; hakupewa dhamana; wala hakuweza kupeleka rufani katika mahakama za kawaida. Je, ilikuwa haki? Watu waliotetea sheria ile walieleza ya kuwa matajiri wenye mawakili hodari wangeponyoka, na maskini wangeendelea kukosa sabuni. Waliopinga walieleza ya kuwa mtu aweza kuwa na magunia mawili ya sukari kwa arusi ya binti yake, akakamatwa kwa neno la jirani mwenye kijicho, naye hana mtu wa kumsemea.

Mimi naona hoja zote mbili zilikuwa na kweli ndani yake, lakini hazina uzito sawa. Taabu ya wananchi ilikuwa kubwa, na Sokoine hakuitafutia faida yake mwenyewe. Hilo hata adui zake hawakulikana. Lakini wako waliowekwa ndani miezi mingi, kisha wakaachiliwa bila kuonekana na hatia, na miezi ile hakuna aliyeweza kuwarudishia. Kumkosesha mshtakiwa msemaji ni jambo la ajabu kwa mtu aliyetoka katika kabila lisilokata shauri mpaka kila mtu amesema chini ya mti. Tena bidhaa hazikuongezeka kwa kukamata watu. Sukari iliyofichwa ilitoka na kuliwa, ikaisha; na viwanda vilikuwa bado havina vipuri.

Inaonekana Sokoine mwenyewe alijua ya kuwa nguvu peke yake haitoshi. Katika mwaka huo wa 1983 serikali iliwaruhusu watu binafsi kuchukua abiria Dar es Salaam kwa magari yao, jambo lililokuwa limekatazwa, kwa kuwa mabasi ya shirika la umma hayakutosha. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Ndiyo asili ya jina la daladala mlijualo hata huku Ngara. Sheria nyingine, iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, iliwataka watu wote wenye nguvu wawe na kazi, na wasio na kazi mijini wapelekwe mashambani. Hiyo nayo iliwasumbua wachuuzi wengi wadogo waliokuwa wakijitafutia riziki.

Mwezi wa Aprili 1984 Bunge lilikuwa likikutana Dodoma. Kikao kilipokwisha, siku ya tarehe 12, Sokoine aliondoka kwa gari kwenda Dar es Salaam. Njia hupita Morogoro. Kabla ya kufika mji huo, mahali paitwapo Dakawa, gari lingine lililotoka upande wa pili, likiendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, liligongana na gari lake. Sokoine akafa. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Rais Nyerere mwenyewe alilitangaza jambo hilo katika redio siku ile ile. Watu hawakutaka kusadiki. Maduka yalifungwa, na mijini watu walisimama njiani wakilia, hata wale ambao hawakupata kumwona. Wengine walinong'ona ya kuwa haikuwa ajali, kwa kuwa aliwaudhi wenye mali. Mnong'ono huo haujaisha hata leo. Lakini mnong'ono si ushahidi, na mahakama ilimwadhibu dereva yule kwa kosa la uendeshaji. Maiti ilichukuliwa Monduli, ikazikwa kwao Monduli Juu, katika ule upande wa mlima wenye ubaridi na misitu. Wazee wa Kimasai walisimama kaburini pamoja na mawaziri na askari na mapadre.

Tarehe 24 Aprili Salim Ahmed Salim aliwekwa kuwa Waziri Mkuu mahali pake. Katika bajeti ya mwaka huo watu wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, na polepole sabuni na nguo zikarudi madukani. Sheria ya hujuma za uchumi iliondolewa mwaka huo huo wa 1984, ikawekwa nyingine iliyorudisha kesi hizo katika mahakama, na mshtakiwa akapata tena ruhusa ya kuwa na wakili. Mwaka ule pia Bunge liliingiza haki za raia katika katiba.

Tarehe 1 Julai 1984 kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa Morogoro, kilifanywa kuwa chuo kikuu peke yake, kikaitwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huko vijana hufundishwa kilimo, misitu na uganga wa mifugo. Wengine hutoka huku kwetu Ngara na Biharamulo, na wengine hutoka Monduli; nao waendao Dodoma hupita Dakawa.